Kicheko cha Chumbani: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Vichekesho vya Harusi, Unguja na Pemba

Mlango wa chumba cha biharusi ukishafungwa, wanaume wakishatolewa mpaka barazani na watoto wakishapewa mia tano wakanunue ubuyu, bibi wa miaka sabini akitoa neno moja tu wanawake thelathini huanguka mkekani kwa kicheko. Neno hilo hulisikii redioni. Kwenye tamthilia ndiyo kabisa: humo biharusi hulia, mama mkwe hufoka, na mchawi hakosi.

Mwaka 2011 ilitoka Marekani filamu iitwayo Bridesmaids. Waliiandika wanawake wawili, Kristen Wiig na Annie Mumolo, akaiongoza Paul Feig. Mhusika mkuu, Annie, duka lake la keki limekufa, hana pesa wala mume, na rafiki yake tangu utotoni anaolewa. Mara anachomoza mwanamke mwengine, tajiri, mzuri, anayetaka yeye ndiye aonekane rafiki mkubwa. Matusi yamo, matapishi yamo, ya kitandani yamo. Ilitengenezwa kwa dola milioni 32.5 ikaingiza zaidi ya dola milioni 280, na mwaka uliofuata ikateuliwa kuwania Oscar mbili: ya uandishi, na ya mwigizaji msaidizi kwa Melissa McCarthy. Mimi niliiona kwenye laptopu ya binti wa jirani, Mwanakwerekwe, tukiwa wanawake saba na sinia la kachori. Shangazi yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akasema: "Wanajitahidi, lakini hawa hawakupata somo," yaani mama wa kumfunda mwari mambo ya ndoa.

Maneno yake ndiyo yaliyonitia kwenye kazi hii. Nimeshashiriki filamu fupi tatu za aina hiyo, moja ikafia njiani kwa kosa langu, nitalisema mbele. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, marafiki sita wenye subira na harusi nyingi kichwani, unaweza kuanza.

Hatua ya kwanza: tafuta ugomvi

Harusi peke yake haina hadithi. Kila mtu anajua mwisho wake: biriani italiwa, viti vitarudishwa. Hadithi ni wanawake wawili waliosoma chuo kimoja, wakaibiana kalamu skuli, wakapeana siri za hedhi ya kwanza, na sasa mmoja anaolewa na mwengine anabaki.

Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima. Biharusi ni Zuhura, mtu wa Wete, Pemba, aliyehamia mjini. Shoga yake ni Riziki, ameachwa mwaka jana, biashara yake ya vitumbua imekufa kwa sababu mchele umepanda na wateja wanakopa. Wa tatu ni Salme, dada wa bwana harusi, tajiri, ndiye mshindani wa Riziki. (Neno "shoga" nalitumia kwa maana yetu ya asili, rafiki wa kike wa mwanamke. Kwenye maombi ya kibali andika "marafiki", utajipunguzia maswali.)

Kumfanya mshindani awe wifi ni uamuzi mkubwa. Wamarekani walimchukua mgeni kutoka klabu ya matajiri. Sisi mgeni hatumuogopi, tunamuogopa wifi. Riziki hawezi kumfukuza Salme, kwa sababu Salme atakuwa kwenye maisha ya Zuhura mpaka kaburini. Na Salme si mbaya. Hapa waandishi wetu wengi huanguka: humfanya tajiri awe shetani. Mpe Salme jambo moja la kuhurumiwa, kwa mfano hana hata rafiki mmoja ambaye hakumnunua.

Kisha weka pesa katikati. Waulize wanawake kumi wa mjini walipogombana na rafiki mara ya mwisho. Wengi watakwambia sare au mchango. Nani kachagua kitambaa, nani kaweka bei ambayo mwenzake haiwezi, nani kashika daftari. Kundi la WhatsApp la kamati ya harusi lina vichekesho kuliko hati yoyote utakayokaa ukaiandika. Riziki akiandika "Inshaallah wiki ijayo" kwa mara ya nne, watazamaji wanamjua.

Pigano lao la kwanza liwe kwenye kutunza. Ukumbini, mwimbaji wa taarab amesimama, Salme anainuka taratibu na noti ya elfu kumi, anaizungusha hewani, anaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji. Riziki anainuka na elfu moja. Salme elfu kumi nyengine. Riziki elfu moja, lakini sasa anacheza zaidi, kiuno kinafanya kazi ambayo noti haiwezi. Wanaendelea mpaka mkoba wa Riziki umebaki na nauli ya daladala, naye hawezi kukaa kwa sababu ukumbi mzima unamtazama. Mwisho anamwinamia Salme sikioni: "Wifi, nikopeshe elfu tano nikushinde." Ukiweza kuipiga vizuri dakika nne hizo, hata sehemu nyengine zikilegea, watu watakusamehe.

Hatua ya pili: panga hati kwa siku za harusi

Huhitaji mbinu za kitabuni za kugawa hadithi, harusi yetu imeshajigawa. Andika kwenye karatasi: posa, mahari pamoja na kilemba cha baba na mkaja wa mama, sanduku la biharusi, singo, hina, akdi, ukumbi, fungate. Sasa pitia kila moja ujiulize wanawake wako wapi na nani anamficha nani nini.

Akdi ipitie haraka. Ni ya wanaume, msikitini, na haina cha kuchekesha kwa filamu yako isipokuwa dakika ile anapotakiwa biharusi atoe idhini nyumbani, Zuhura anasukumwa na mikono minane aseme ndiyo na sauti haitoki.

Sanduku ndilo la kukaa nalo. Upande wa mume wameleta, wanawake wamejipanga, kila kitu kinainuliwa juu na kupigiwa vigelegele: kitenge, vigelegele, udi, vigelegele, kisha anayetoa vitu, ambaye hakuvaa miwani, anainua nguo ya kulalia yenye kitambaa kidogo kuliko leso ya pua, anaigeuza mbele nyuma, anauliza kwa sauti, "Hii ya kuchujia tui?" Usiongeze neno. Mwache bibi wa upande wa pili ajibu, "Ndiyo, na tui lenyewe litapatikana."

Singo ni ya mwili: liwa, karafuu, waridi na mrehani vinasagwa, biharusi anasuguliwa mpaka anang'ara. Nywele za mwilini zinaondolewa kwa sukari iliyochemshwa na ndimu. Hapa hapana haja ya kuonyesha ngozi hata kidogo. Kamera imtazame Riziki anayevuta, na sauti ya Zuhura itoke nje ya picha. Kelele moja, kimya, halafu: "Hapo hapakuwemo kwenye mapatano!"

Fungate, zile siku saba, zina mhusika mkubwa ambaye filamu za kigeni hazina: somo. Yeye ndiye aliyemfundisha mwari, yeye ndiye anayesubiri habari njema asubuhi. Mwanamke mzima amekaa nje ya mlango wa watu wawili, ana birika la chai na sikio. Ukishindwa kuandika kichekesho hapo, tafuta kazi nyengine.

Na unyago? Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, aliupeleka msondo, ngoma ya unyago, mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, na watu wakadhani mlango umefunguka. Haukufunguka. Ngoma alionyesha, mafunzo yalibaki ndani na waliofundishwa. Nami nasema kamera isivuke hapo. Kwanza ni amana ya wanawake. Pili, na hili ni la ufundi, mlango uliofungwa unachekesha zaidi. Mpige picha msichana wa miaka kumi na moja aliyeweka sikio kwenye mbao, msondo unalia ndani, ghafla ngoma inasita, kimya kirefu, halafu ndani wote wanalipuka kwa kicheko. Uso wa yule mtoto ndio filamu.

Hatua ya tatu: andika uchafu kwa fumbo

Waandishi wapya hudhani filamu ya wanawake wakware ni filamu ya matusi. Wanaandika tusi ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu halina nguvu tena. Wazee wetu wa kike walilijua hili. Vikundi vya zamani vya taarab vya wanawake hapa mjini, kama Sahib el-Arry na Nurul-Uyun, walirushiana vijembe ambavyo mtaa mzima uliwajua wahusika na hakuna jina lililotajwa. Kanga inafanya hivyo hivyo: mtu anakaa mbele yako kwenye shughuli amejifunga "Usisafirie nyota ya mwenzio", wewe huna pa kushtaki.

Zoezi ni hili. Chagua kazi moja unayoijua kwa mikono yako: kupika, kushona, bahari, karafuu. Andika maneno yake ishirini. Kisha waache wahusika wazungumze juu ya ndoa kwa maneno hayo tu, bila kutoka nje hata mara moja. Mimi nilichukua bahari, nikapata haya baina ya biharusi na somo wake:

"Somo, nahodha wangu ana haraka."

"Mwenye haraka hupweleza chombo, mwanangu. Mwambie asubiri maji yajae."

"Na yakijaa?"

"Yakijaa hutoniuliza."

Aliyeolewa miaka ishirini, anayemenya vitunguu saumu pembeni, anadakia bila kuinua kichwa: "Wiki ya kwanza bamvua usiku na mchana. Mwezi wa tatu maji mafu. Mie wangu sasa ameegesha, ananing'iniza tanga."

(Bamvua ni maji makubwa ya bahari, maji mafu ni kinyume chake.) Mtoto akipita hapo atadhani wanazungumzia uvuvi. Hicho ndicho kipimo chako: mazungumzo yawe na maana kamili ya juu, na ya chini ajazie mtazamaji mwenyewe. Akishaijazia yeye, mchafu ni yeye, na anajicheka.

Fumbo moja lisikae zaidi ya dakika mbili. Likianza kueleweka na wote, mhusika mmoja alivunje kwa kusema wazi kabisa, neno la kawaida, na wenzake wamzomee: "Astaghfirullah, wewe nawe!" Pale ndipo neno la wazi linapopata nguvu, kwa sababu umelinyima nafasi muda wote. Kwenye filamu nzima nakuruhusu mara tatu.

Kanga itumie kama mhusika. Riziki na Salme wasitupiane maneno tukio zima, wabadilishane kanga: leo mmoja "Hasidi hana sababu", kesho mwengine "Mdhaniaye ndiye siye". Na mwisho wa filamu, Riziki asiye na pesa amletee Zuhura kisutu, kanga ya biharusi. Kisutu cha asili hakina maandishi. Baada ya kanga zote zilizosema ovyo, hii haisemi kitu, na Zuhura anajua.

Hatua ya nne: wachekeshaji wako hawako kwenye usaili

Ukitangaza usaili watakuja wasichana wazuri waliojipaka. Wachukue wawili. Waliobaki watafute msibani na harusini: yule mama anayeanzisha kicheko jikoni akiwa ameshika mwiko, ndiye. Wanawake wazima hawana aibu ya kamera wakishazoea, na maneno wanayo tayari. Wasiwasi wao ni familia. Nenda mwenyewe nyumbani, kaa, kunywa chai, mwambie mume au mtoto mkubwa filamu inahusu nini na nani ataiona. Usimtume kijana.

Usiwape mama hawa hati wakariri, wataharibika. Wape hali: "Bibi, huyu mtoto kaja kukwambia bwana harusi anakoroma. Mjibu." Rekodi mara tano. Kwa waigizaji wa Pemba taja kibati na wataelewa mara moja, maana ni ngoma yao ya kujibizana kwa maneno ya papo kwa papo, haraka, juu ya mapigo. Mwambie, "Tufanye kama kibati bila ngoma." Kwenye mazoezi yetu mama mmoja wa Chake Chake alitupa sentensi kumi na nne mfululizo, na ile nzuri kuliko zote hatukuirekodi kwa sababu mpiga picha alikuwa anacheka simu chini. Tangu hapo nina sheria: anayecheka atoke nje.

Zuhura wako akitoka Wete kwa hadithi, mwigizaji awe anajua kusema Kipemba, si kuigiza. Mtu wa mjini akijaribu, Wapemba watatoka ukumbini.

Hatua ya tano: vibali, na kosa langu

Kabla ya kupiga picha peleka hati Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU, na filamu ikimalizika irudi kwao kabla ya kuonyeshwa hadharani. Watu wanaogopa hapa kwa sababu ya maudhui. Fumbo linakusaidia tena: hati yenye tusi inakatwa, hati ya nahodha na bamvua inasomwa. Andika maelezo ya ukurasa mmoja yanayosema hadithi ni ya urafiki na ndoa, nani anaigiza, mavazi yatakuwaje. Ukienda na dharau utarudi nayo.

Kisha sheha, kiongozi wa mtaa, wa kila shehia utakayopiga. Usimruke, hata ukiwa na barua kubwa kutoka juu. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi, kwa hiyo taa, nyaya na kugongomea misumari kwenye kuta za watu viulizie mapema. Droni iache nyumbani kama huna kibali chake mkononi.

Sasa kosa. Filamu yangu ya pili tuliona tuokoe pesa: kulikuwa na harusi ya jamaa, ukumbi umepambwa, wageni mia tatu wamevaa. Tukaingia na simu, tukapiga matukio yetu mle mle. Biharusi alikubali. Wageni hatukuwauliza. Kila mwanamke wa hapa anajua ukumbi wa wanawake ni pahala pa kuvua baibui, mtu anaonyesha nywele, mgongo, mkono uliojaa dhahabu, kwa sababu hakuna jicho la mwanamme. Kumbi nyengine simu zinakusanywa mlangoni. Kesho yake asubuhi nyumbani kwetu kulikuwa na mama tisa. Tulifuta kila kitu mbele yao, na walikuwa na haki. Filamu ikafa.

Kwa hiyo kodi ukumbi siku ya katikati ya wiki, bei inapungua. Leta wageni wako mwenyewe arubaini, kila mmoja ameweka saini kwamba ataonekana, na kwenye saini aandike ataonekana vipi: na mtandio au bila. Arubaini wakikaa karibu, kamera ikiwa chini kidogo, wanaonekana mia mbili. Wapikie. Mgeni wa filamu akikaa saa sita bila pilau hatarudi siku ya pili, na siku ya pili unamhitaji na nguo ile ile.

Hatua ya sita: lile tukio la aibu kubwa

Kila filamu ya aina hii ina dakika ambapo mwili unawasaliti wote kwa pamoja. Usiige duka la magauni la Bridesmaids, wanapochafukwa na tumbo wote, kila mtu analijua. Letu liko baharini.

Wanawake kumi na wawili wanavuka na boti kwenda Pemba kwa shughuli ya Zuhura. Wote wamevaa sare ya satini tangu bandari ya Malindi, mjini, maana Salme ametaka washuke bandari ya Mkoani wamependeza. Magotini wana masinia ya visheti na mikate ya kumimina. Mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, wanaimba. Ukishapita Nungwi, bahari inafunguka, nyimbo zinakatika moja moja, na kijana wa boti anaanza kugawa mifuko. Salme anakataa mfuko. "Mimi siumwi na bahari." Hapo mtazamaji ameshajua, basi mcheleweshe. Wachukue wengine kumi kwanza.

Kupiga tukio hili kwenye safari ya kweli ni balaa: abiria hawakukubali kurekodiwa, wafanyakazi wana kazi zao, na mpiga picha naye atatapika. Kodi chombo kilichotia nanga, bandari imetulia. Wayumbishe waigizaji wote upande mmoja kwa hesabu ya mtu mmoja anayepiga makofi, na kamera iyumbe kinyume chao. Feni kubwa na chupa ya kunyunyizia maji vinatosha kwa upepo. Matapishi: uji mwepesi wa sembe, binzari kidogo, biskuti zilizorowekwa, na ndimu ili mwigizaji asichukie. Kijiko kimoja mdomoni. Satini ya rangi ya waridi inaonyesha kila tone, ndiyo sababu nikaichagua. Shona sare mbili za Salme.

Picha za bahari yenyewe zichukue mbali na waigizaji. Ukitaka bahari iliyochafuka nenda wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti. Ukitaka kupiga kazi nyengine zote kwa amani, subiri matlai, baina ya kusi na kaskazi.

Jambo moja nalisema bila mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na nyumba nyingi za Pemba hazijamaliza kulia. Cheka na kichefuchefu. Usicheke na mawimbi makubwa, maboya, wala mtu anayepiga kelele kwamba chombo kinazama. Sisi tulikuwa na mstari mmoja wa namna hiyo. Mama wa Chake Chake aliusoma, akaikunja karatasi, akanyamaza. Tukaufuta.

Hatua ya saba: mambo madogo yanayoua filamu

Vigelegele. Hakuna kitu kinachovunja sauti ya rekodi kama mama watatu wenye pumzi. Kabla ya kila tukio waombe wapige kweli kweli, kisha shusha kipimo cha kurekodi mpaka mstari usifike kwenye nyekundu. Mazungumzo yarekodi tukio jengine, vigelegele peke yake.

Adhana. Mjini misikiti haianzi sekunde moja, kwa hiyo tenga robo saa nzima kila wakati wa sala. Simamisha kazi, watu wasali, wanywe maji. Kuendelea na maneno ya nahodha huku adhana inasikika ni utovu wa adabu, na hata kwenye kuhariri utagundua adhana imekatwa katikati, mtazamaji ataisikia kuliko mazungumzo.

Feni zizimwe wakati wa kurekodi, ndiyo, na poda itayeyuka. Piga ndani baada ya isha.

Hina ina akili yake. Siku ya kwanza ni rangi ya chungwa, inakolea siku ya pili, ikifika wiki inaanza kuondoka kwenye ncha za vidole. Ukipiga tukio la ukumbi Jumatatu na la sanduku, ambalo kwenye hadithi liko kabla ya hina, Alhamisi, Zuhura atakuwa na mikono ya biharusi kabla hajaolewa. Matukio yote ya mikono mitupu yapige kwanza. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nakushauri usitie kabisa: wengi huichanganya kwa dawa ya kutia nywele weusi, ambayo huwababua baadhi ya watu, na huna haki ya kumchoma mwigizaji kwa ajili ya kicheko. Chora maua kwa wanja wa maji, piga picha mikono yote miwili, na kila asubuhi fuata picha ile.

Muziki usiuchukue kwenye YouTube. Nyimbo za taarab zina wenyewe, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOZA, ipo kwa kazi hiyo. Afadhali mwandikie mwimbaji wimbo mpya wa vijembe baina ya Riziki na Salme. Kumbuka wapigaji ala wanawake wapo: Tausi Women's Taarab, kundi la wanawake watupu, lilianzishwa na Mariam Hamdani mwaka 2009. Kwa tukio la ukumbi hili ni faida kubwa, kwa sababu ukiwa na wapigaji wanawake, mpiga picha mwanamke na mshika taa mwanamke, wageni wako wanalegea wenyewe.

Hatua ya nane: nani aone kwanza

Onyesho la kwanza liwe la majaribio, la wanawake watupu. Sinema za zamani hapa zilikuwa na siku za akina mama, na mabibi wanakumbuka walivyojaa humo na watoto mgongoni. Kodi ukumbi, tandika mikeka mbele, weka projekta, simu zibaki mlangoni. Wewe usitazame filamu. Kaa pembeni ya skrini uwatazame wao, na daftari.

Andika dakika ya kila kicheko. Pale ambapo vijana wanacheka na wazee wamenyamaza, pana tusi. Pale wazee wanacheka na vijana wanatazamana, pana fumbo lililokufa, tafuta jengine. Wote wakicheka halafu mmoja akampiga mwenzake begani na kusema "umemuona fulani huyo?", usiguse hata fremu moja.

Kisha kata. Filamu yetu ya tatu ilikuwa na dakika hamsini na moja, baada ya usiku ule ikabaki thelathini na nane. Toleo hilo ndilo la kupeleka kukaguliwa, na likipita, ndilo la kuwania nafasi kwenye ZIFF, tamasha la filamu lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo uwanja wake mkubwa ni Ngome Kongwe, mbele ya Forodhani. Huko watakuwepo wanaume. Usiwabadilishie kitu. Tulipoonyesha yetu mbele ya mchanganyiko, kwenye mstari wa maji mafu wanawake walicheka mara moja, wanaume walikaa kimya kama sekunde nne, halafu mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo mnayozungumza!" Shangazi yangu, safu ya mbele, hakugeuka. Alijibu tu: "Hayo ni ya barazani. Ya ndani hamjayasikia."